Programu Iliyozibwa Mdomo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chapuchapu aliingia kwanza chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba kidogo chenye pazia zito, meza, na sanduku kubwa la mbao lililowekwa kioo upande wa mbele. Ndani ya sanduku mayai yalipangwa kwenye trei, na balbu mbili ziliyatia joto kutoka juu. Hiyo ndiyo mashine ya kutotoleshea vifaranga ya mama yake mdogo. Chapuchapu alijaza maji kwenye bakuli ili hewa isikauke, akatupa jicho kwenye namba iliyoandikwa kwenye skrini ya kompyuta iliyokaa mezani, ndipo akaenda bafuni.

Jina hilo alipewa na mama mdogo aliyemlea tangu angali mchanga. Hakujua kufanya jambo polepole. Alikula chapuchapu, akafua chapuchapu, na alipojiunga na klabu ya kompyuta shuleni, vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi kama kuku walioona mtama.

Zamani mama mdogo aliangalia joto la mashine kwa mkono wake mwenyewe. Aliamka usiku, akagusa kioo, akawasha balbu au akazizima, akarudi kulala, akaamka tena. Chapuchapu alipoona macho ya mama mdogo yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi, aliomba ruhusa ya kumwandikia programu. Mwalimu wa kompyuta alimpa kompyuta kuukuu ya klabu na kipimajoto chembamba kama penseli, chenye waya mrefu. Kazi ya programu ilikuwa rahisi kuieleza. Iulize kipimajoto kuna joto kiasi gani. Likipungua, iwashe balbu. Likizidi, izizime. Kisha iulize tena.

Lakini Chapuchapu alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu. Aliogopa maneno mekundu.

Programu ilipokwama, skrini ilijaa mistari mekundu ya Kiingereza, mingine mirefu, mingine yenye namba na alama asizozijua. Moyo ulimruka. Viganja vikalowa jasho. Kabla macho hayajafika mwisho wa mstari wa kwanza, kidole kilikuwa kimeshafunga kila kitu. Kwake yeye, maneno yale yalikuwa sauti ya mtu mzima anayemgombeza mbele za watu, na nani husimama kusikiliza hadi mwisho?

Siku ya kuijaribu programu mbele ya klabu, maneno mekundu yalimwagika tena.

"Haya, jamani, kompyuta imeanza kumtukana," alisema kijana mmoja wa darasa lao. Wenzake walimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta kimya. Klabu nzima ikacheka.

"Usifunge," mwalimu alisema. "Isome kwanza."

Chapuchapu alikuwa ameshafunga.

Baada ya kipindi Redio alimfuata mlangoni. Alikuwa mcheshi, si mtu mbaya, na pengine aliona jinsi mwenzake alivyokaribia kulia.

"Unahangaika bure," alisema. "Mimi ya kwangu nimeiziba mdomo siku nyingi."

"Unaizibaje?"

"Unaiambia hivi: jaribu kusoma joto. Ukishindwa, nyamaza, tumia namba ya mwisho uliyoipata na kuihifadhi. Mistari miwili tu."

"Na kosa lenyewe linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwao."

Chapuchapu alicheka, akaenda nyumbani, akaandika mistari ile miwili. Maneno mekundu hayakurudi tena. Skrini ilitulia kama maji ya mtungi. Mama mdogo alipanga mayai mapya kwenye trei, akaiachia programu kazi, akalala usiku kucha bila kuamka.

"Mwanangu, umenirudishia usingizi," alisema asubuhi yake, na Chapuchapu alitembea siku nzima kama aliyevishwa taji.

Jioni moja mama mdogo alimwita chumba cha nyuma, akavuta pazia, akaweka tochi chini ya yai. Ganda likang'aa. Ndani yake palikuwa na mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi, na katikati kijidoa cheusi kilichoruka, kikatulia, kikaruka tena.

"Huyo ana moyo?" Chapuchapu aliuliza kwa kunong'ona.

"Anao. Na masikio yanakuja. Kwa hiyo punguza kupiga mluzi humu ndani."

Tangu jioni ile Chapuchapu hakuona tena mayai kwenye trei. Aliona wapangaji waliolala, wanaomtegemea yeye.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi alipogundua jambo. Alijaza maji kama kawaida, akatazama skrini. Thelathini na saba na nukta sita. Vizuri. Aligeuka aondoke, mguu ukakataa. Jana usiku, alipokwenda kulala, ilikuwa namba hiyohiyo. Tarakimu ya mwisho, ile ya baada ya nukta, huwa haitulii. Hucheza, ikawa tano, ikawa nane, ikarudi. Mama mdogo anapofunua mfuniko kugeuza mayai hushuka kabisa, kisha hupanda. Hii ilikuwa imeganda.

Aliangalia kupitia kioo. Balbu zote mbili zilikuwa zimezimika. Aliweka kiganja juu ya kioo, akakiondoa haraka kama aliyeungua. Kioo kilikuwa baridi.

Skrini iliendelea kusema thelathini na saba na nukta sita, bila wasiwasi, bila aibu.

"Chapu," mama mdogo aliita kutoka uani, alikokuwa akisugua vyombo vya kunyweshea kuku. "Wanangu humo wanaendeleaje?"

"Vizuri, Mama mdogo."

Uongo ulimtoka mdomoni kabla hajaufikiria. Alisikia vyombo vikigongana, halafu mama mdogo akiaga kwamba anakwenda kuchukua chakula cha kuku na atarudi baadaye. Lango likafungwa. Nyumba ikawa kimya.

Chapuchapu aliketi mbele ya kompyuta, akaifuta ile mistari miwili. Aliendesha programu. Maneno mekundu yakamwagika. Akafunga. Akaendesha tena, labda mara hii yatakuwa machache. Yakamwagika. Akafunga. Akairudisha mistari miwili mahali pake, na papo hapo skrini ikatulia: thelathini na saba na nukta sita.

Hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote. Alikuwa amezoea kuogopa kinachopiga kelele. Sasa alitazama kitu kilichotulia kabisa, chenye sura ya ukweli, na kila neno lake ni uongo. Nyuma ya utulivu ule wapangaji wake walikuwa wakipoa. Wangeweza kuwa wamepoa tangu usiku. Wangeweza kuwa wamekwisha.

Akili ilimletea ushauri wa kila namna. Nyamaza, hakuna atakayejua. Sema umeme ulikatika. Sema mayai yalikuwa mabovu tangu mwanzo. Angeweza angalau kuziwasha balbu, lakini sasa zilisikiliza kompyuta peke yake, na mama mdogo alikuwa amemkataza kabisa kugusa nyaya za umeme. Alitazama mlango. Kisha akavuta blanketi lake kitandani, akalifunika sanduku lote, akatoka mbio.

Klabu ya kompyuta ilikutana Jumamosi. Alipofika mlangoni, pumzi zilikuwa zimemwishia. Mwalimu alikuwa amepiga magoti akifunga waya chini ya meza. Redio alikuwa juu ya meza hiyo, akisimulia jambo.

"Shikamoo, Mwalimu. Mayai yamepoa."

"Marahaba. Mayai yapi?"

"Ya mama mdogo. Balbu zimezimika, na programu inasema joto lipo. Mimi ndiye niliyeiambia isiseme makosa. Nimeiziba. Halafu nikamwambia mama mdogo wanaendelea vizuri."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, macho yakiwa sakafuni, akisubiri kicheko. Hakikuja.

"Nani alikufundisha kuiziba?" mwalimu aliuliza.

Chapuchapu alizidi kutazama sakafu. Redio akashuka mezani taratibu.

"Mimi, Mwalimu," alisema. "Na ile programu yangu ya kupiga kengele ya shule nayo nimeiziba."

"Ndiyo maana mapumziko ya juzi yalirefuka vile," mwalimu alisema, akisimama na kujikung'uta magoti. "Kesi baadaye. Mayai kwanza. Chukueni hicho kipimajoto cha kioo, twendeni."

Njiani Redio alibeba kipimajoto kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, Redio ilikuwa imezimwa.

Chumbani mwalimu aliondoa blanketi, akaziunganisha balbu moja kwa moja na soketi ya ukutani. Zikawaka. Aliweka kipimajoto cha kioo juu ya trei, akasubiri, akasoma. Nyuzi ishirini na tisa.

"Wamekufa?" Chapuchapu aliuliza. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtoto mdogo.

"Sijui," mwalimu alisema. Hakutaka kumdanganya. "Kuku naye huacha mayai akaenda kula. Wanaweza kuvumilia kidogo. Kama ni kidogo. Joto likipanda polepole tutajua. Redio, kaa hapo, lisipite thelathini na nane. Wewe, binti, njoo mezani."

"Kufanya nini?"

"Kusoma."

Aliketi. Akafuta mistari miwili, akaendesha programu. Maneno mekundu yakaja yote, na mkono wake ukakimbilia kipanya. Kipanya hakikuwepo. Mwalimu alikuwa amekichomoa na kukitia mfukoni.

"Mwalimu, ni mengi."

"Mengi, ndiyo. Ajali ikitokea barabarani kila mtu anasema, si ndiyo? Huyu kasimuliwa na yule, yule kasimuliwa na mwingine. Wewe ungemsikiliza nani?"

"Aliyeona."

"Basi aliyeona yuko chini. Anza mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani. Aliusoma neno moja baada ya jingine, kidole kikifuata skrini, na alipolikosa neno mwalimu alimsaidia.

"Inasema... imeambiwa ilinganishe namba na kitu kisichokuwepo. Inasema haiwezi."

"Kuna tusi hapo?"

"Hakuna."

"Juu yake je?"

"Jina la faili langu. Na mstari wa thelathini na mbili."

"Kumbe inatoa hadi anwani," Redio alisema kutoka kwenye sanduku, kisha akarudi haraka kwenye kipimajoto chake.

Mwalimu alirudisha kipanya mezani, akamwonyesha jinsi ya kufungua kisaka makosa, programu inayoweza kuiendesha programu nyingine hatua kwa hatua. Aliweka alama nyekundu pembeni mwa mstari wa thelathini na mbili. Programu ilipoendeshwa, ilifika pale ikasimama kama gari mbele ya kizuizi. Upande wa kulia kulifunguka orodha ya kila kitu ambacho programu ilikuwa imekishika wakati ule.

"Tazama palipoandikwa 'joto'. Limeshika nini?"

Chapuchapu alitazama. Mahali pa namba hapakuwa na namba. "Halijashika kitu. Ni tupu."

"Hesabu yako ina kosa?"

"Haina." Alifikiri, na kwa mara ya kwanza siku ile hofu ilimwachia nafasi ya kufikiri. "Programu imeuliza, haikujibiwa. Kipimajoto ndicho hakijibu."

"Ufuate waya wake basi."

Alishika waya kwa vidole viwili pale unapoingia kwenye kompyuta, akaufuata taratibu mezani, ukutani, hadi kwenye sanduku. Ulipita kwenye bawaba ya mfuniko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeupitisha pale, kwa haraka zake, ili usionekane. Kila mama mdogo alipofunua mfuniko kugeuza mayai, bawaba iliubana. Kwa nje ganda lake la plastiki lilikuwa zima. Alipoupinda, ulilegea kama kidole kilichovunjika.

"Hapa," alisema. "Umekatika kwa ndani."

Mwalimu aliukata, akamenya ncha, akaziunganisha. Chapuchapu akaupitisha kwenye tundu la hewa pembeni, mbali na bawaba. Kwenye orodha ile, mahali palipokuwa patupu, namba ilitokea: thelathini na nne na nukta mbili. Kisha nukta tatu. Ilikuwa ikicheza.

Alikuwa bado akiitazama aliposikia lango.

Mama mdogo aliingia na mfuko wa chakula cha kuku begani. Alimwona mwalimu, akamwona Redio, akaliona blanketi sakafuni. Akautua mfuko.

"Kuna nini?"

Mwalimu alimtazama Chapuchapu. Redio alitazama dari. Chapuchapu alitamani sakafu ifunguke.

"Mama mdogo, uliponiuliza asubuhi, nilikuambia wanaendelea vizuri. Nilijua wamepoa. Programu ilikuwa inakosea, nikaifundisha kunyamaza kwa sababu naogopa kusoma makosa. Nisamehe."

Mama mdogo alimtazama kwa muda ambao kwa Chapuchapu ulikuwa mrefu kama mwaka wa shule. Alinawa mikono, akangoja joto lifike panapotakiwa, akavuta pazia, akachukua tochi.

Yai la kwanza liling'aa. Mishipa ilikuwepo. Kijidoa cheusi kilikuwepo, kimetulia. Walisubiri. Redio alijiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Kijidoa hakikuruka.

Mama mdogo aliliweka yai hilo pembeni, akachukua la pili. Wakasubiri. Chapuchapu alihesabu pumzi zake, kisha akaacha kupumua kabisa. Kitu kikatikisika ndani ya ganda, kidogo sana, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Yupo," mama mdogo alisema.

La tatu, yupo. La nne, yupo. Alimulika trei zote. Wengi walikuwepo. Wachache hawakuwepo, na mayai yao aliyapanga kwenye kikapu. Chapuchapu alikitazama kikapu kile, machozi yakamtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mchana ule aliandika upya sehemu ile ya programu, safari hii polepole, akisoma kila mstari kwa sauti. Pale palipoamriwa kimya, aliandika amri nyingine: ukikosa jibu, piga king'ora, na useme kwa Kiswahili ili mama mdogo naye aelewe. Redio ndiye aliyependekeza sauti ya king'ora. Bila shaka ilikuwa kali. Mwalimu akazirudisha balbu kwenye kompyuta.

"Nataka nione," mama mdogo alisema. Akaenda kwenye kompyuta, akauchomoa waya wa kipimajoto.

King'ora kililia hadi kuku wa uani wakajibu. Skrini ikawa nyekundu. Moyo wa Chapuchapu uliruka vilevile kama zamani, viganja vikalowa, lakini alisogeza kiti mbele, akasoma kwa sauti:

"Kipimajoto hakijibu. Angalia waya wake, kisha angalia balbu."

Mama mdogo aliurudisha waya. Kimya kikarejea, na namba ikaanza kucheza. Alivuta kigoda, akaketi karibu na Chapuchapu, akamshika bega.

"Nitakuambia jambo, na huyu rafiki yako asikie pia. Ulipokuwa mchanga ulilia sana. Majirani walinihurumia, wakidhani kilio chako kinanisumbua. Hakikunisumbua. Ukilia nilijua pa kuanzia: una njaa, umelowa, au kuna kinachokuuma. Usiku nilioogopa ni ule mmoja ambao hukulia kabisa. Nilikugusa paji la uso, nikakuta linawaka moto. Tungechelewa kidogo tu, nisingekuwa na wewe hapa. Tangu siku ile simwogopi anayelia. Namwogopa anayeumwa akanyamaza."

Alikitazama kikapu, kisha akamgeukia tena.

"Kinachokuonyesha kosa lako hakikutukani, mwanangu, kinakuita uje kusaidia. Iwe mashine, iwe mwalimu, iwe rafiki, usikizibe mdomo. Na siku wewe mwenyewe utakapokosea, usijizibe. Hawa walio hai wako hai kwa sababu leo ulikimbia kwenda kusema. Ungesema asubuhi, nilipokuuliza, pengine na wale wangekuwepo."

"Nilikuwa naogopa, Mama mdogo. Hata sasa nilipoiona nyekundu, niliogopa."

"Najua. Nimeuona mkono wako." Mama mdogo aliukamata ule mkono, akaukausha kwa kanga yake. "Ogopa, hakuna ubaya. Lakini ogopa huku unasoma."